Mgeni Asiye na Moshi

Mtu mmoja alikuwa na bajaji isiyotoa moshi, na kwa sababu ya bajaji hiyo akajihesabu miongoni mwa watu wema. Jina lake Kalebu Mntambo, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Tanga. Bajaji aliiunda mwenyewe. Aling'oa injini, akatia mota na betri, akafunika paa lote kwa sola, na ubavuni akaandika kwa rangi ya kijani: SIACHI DOA. Tangu siku ile hakuwa mtu wa kukaa naye. Ukiwasha pikipiki mbele yake, anaziba pua. Ukichoma majani uani kwako, anakuja na hotuba. Majirani wakamwita Mtakatifu wa Betri, naye akalipokea jina lile kama sifa, maana mzaha ukirudiwa sana mwenyewe husahau kuwa ulikuwa mzaha.

Basi ukatangazwa mkutano wa watunza misitu, juu kabisa katika milima ya Usambara, naye akaalikwa kutoa ushuhuda. Akaamua kwamba ushuhuda wake hautakuwa wa maneno matupu. Atakwenda kwa njia ndefu, apite msituni, apite pwani, kisha apande mlima, na katika safari nzima asichome hata kijiti. Hatabeba jiko wala mkaa. Betri itakula jua tu. Umeme wa jenereta usiiguse. Ikiishiwa, atalingoja jua mpaka litoke.

Mkewe, Lidia, alimwuliza swali moja wakati anamkunjia shuka. "Utakula wapi, Baba Tumsifu?"

"Kwa watu," alijibu. "Nchi hii ina watu."

Lidia akaendelea kukunja. Nami nawaambia, ndugu zangu, nchi hii kweli ina watu, na laiti Mntambo angelifikiri neno lake mwenyewe kabla hajaondoka mlangoni.

Kule msitu wa Muheza betri ikamfia. Miti imeshikana juu, na mchana wa pale ni kama alasiri ya kwingine. Akaisukuma bajaji mpaka nyumba ya Mzee Mhina, mfuga nyuki, aliyeishi na mkewe ukingoni mwa msitu. Wakampokea mizigo, wakamtandikia mkeka. "Msihangaike," akawaambia, "mimi sihitaji kitu." Aliyewahi kupokea mgeni anajua maneno hayo yanafanya nini. Mgeni anayetaka chai hupewa chai. Mgeni asiyetaka kitu huchinjiwa kuku.

Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na kuni za kuokota zilikuwa zimelowa chepechepe. Nyuma ya nyumba shoka likasikika, gogo kavu likapasuka. Baadaye ukaja wali, akaja kuku, yakaja na maji ya moto ya kuoga, yametiwa majani ya mchaichai. Moshi uliopita dirishani ulinukia asali. Mntambo akauvuta puani na kujiambia kwamba watu hawa hata moshi wao una neema. Hakuuliza ulikuwa moshi wa nini. Mama yake alimlea akimwambia kwamba mgeni mwenye adabu hachungulii jikoni, na adabu hiyo aliishika mpaka akaota mvi. Ni adabu njema, siipingi. Ila ziko adabu tunazozipenda kwa sababu zinatuepusha na kujua.

Pwani ya Pangani alifikia kwa Bi Mwantumu, mjane, mkulima wa mwani. Kazi ya mwani mnaijua: unachomeka vigingi baharini maji yakitoka, unafunga kamba kutoka kigingi hiki hadi kile, unauning'iniza mwani humo mpaka ukue. Huko jua lilikuwa la kutosha, lakini bajaji ilihitaji kuliota tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mtu hawezi kungoja adhuhuri na njaa. Mntambo akiwa ameketi barazani alimwona Bi Mwantumu akichomoa fimbo moja moja kutoka kwenye tita lililoegemea ukuta. Zote zilikuwa na urefu mmoja, na zote zimechongwa ncha. Akajisemea moyoni, watu wa pwani wana ustaarabu bwana, hata kuni zao wanazichonga. Akanywa uji wake, akala samaki wake, akashukuru kwa maneno mazuri sana, akaenda zake.

Sasa niwapeleke mlimani, maana huko ndiko habari hii ilikokuwa ikielekea tangu mwanzo.

Bajaji ilipanda kwa kujikongoja. Kona baada ya kona, Mntambo akishuka kusukuma, akipanda tena, mpaka ukungu ukashuka juu yake kama blanketi na betri ikazima mbele ya nyumba ya mtu aitwaye Shemndolwa. Mtu huyu alikuwa mkulima wa maharage na viazi, mwenye sauti ndogo. Ndani ya nyumba walikuwamo mkewe, Mama Damari, na binti yao Damari, aliyerudi kwa mama yake kuzaa mtoto wa kwanza kama ilivyo desturi. Mimba yake ilikuwa pevu. Alitembea ameshika kiuno, na kila alipompita mgeni alipiga goti kumsalimia, ingawa goti lenyewe lilikuwa taabu.

Wakampa chumba cha mbele. "Utatuwia radhi, baba," Shemndolwa akamwambia, "chumba kina giza. Dirisha limezibwa na kuni kwa nje." Na kweli. Chini ya upenu kuni zilikuwa zimepangwa kwa ufundi, gogo juu ya gogo, mpaka zikagusa paa. Mti mgumu, mkavu, umepasuliwa sawasawa.

Hizo hazikuwa kuni za kupikia maharage. Zilikuwa kuni za arobaini. Huko juu baridi haina huruma, na mzazi hukaa ndani siku zake arobaini, anakandwa kwa maji ya moto, moto wa nyumba hauzimwi, mtoto analala karibu na joto. Baba wa binti huzikusanya kuni hizo polepole tangu habari ya mimba inaposikika. Msitu wa hifadhi hauingiliki ovyo, watu wanaruhusiwa kuokota matawi makavu kwa siku maalumu tu, kwa hiyo rundo lile lilikuwa jasho la miezi. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyethubutu kuchomoa hata kijiti kuwashia kibatari. Waliota moto wa magunzi, wakatetemeka, wakaziacha kuni zilipo.

Lakini mgeni kaja. Tena mgeni wa mkutano mkubwa, mtu atakayesimama mbele ya watu kuitetea misitu yao. Utamkogesha maji ya baridi? Utampikia kwa magunzi yanayofuka, viazi viive nusu? Mama Damari akamtazama mumewe. Mumewe akatazama chini. Kisha Mama Damari akatoka nje, akachomoa gogo la juu kabisa.

Asubuhi yake ukungu haukuondoka. Mntambo akasimama kando ya bajaji yake, akaitazama mbingu, akarudi ndani kunywa chai. Jioni akaoga maji ya moto. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Kwa siku ya tatu wahenga walikwisha kutupa ruhusa, mgeni apewe jembe. Ila nani atampa jembe mtu wa ushuhuda?

Akatokea jirani, Mbilu, mwenye mashine ya kusaga. Mashine yake ilikuwa ya dizeli, inatoa moshi mweusi na kelele ya kumtoa nyoka pangoni, lakini alikuwa ameifungia jenereta ndogo ya kuchajia simu za watu. Akaja anafuta mikono. "Mzee, nasikia betri imekulalia. Ilete kwangu. Asubuhi moja tu inajaa, uende zako salama."

Mntambo akatabasamu, tabasamu la mtu aliyejaribiwa na akashinda. "Nakushukuru, ndugu yangu," akasema. "Lakini betri hii haijaonja dizeli tangu izaliwe. Mimi nitalingoja jua la Mungu."

Shemndolwa alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Alimtazama binti yake, akalitazama rundo la kuni. Mwenyeji hamfukuzi mgeni, hata kwa kumkubalia jirani. "Basi," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "tulingoje jua."

Wakalingoja. Na hapa nataka msikilize vizuri, maana ni jambo dogo na lilinichukua muda kulielewa. Siku ya kwanza chumba cha Mntambo kilikuwa giza tupu. Siku zilivyokwenda, aliamka akaona ufa wa mwanga juu ya dirisha. Kesho yake ufa ukawa mpana kama kiganja. Kila asubuhi mwanga ukaongezeka, ukateremka ukutani, ukafika kitandani, mpaka akaweza kuona vidole vya miguu yake bila taa. Moyo wake ukafurahi. Akaona ni dalili kwamba ukungu unapungua, na kwamba Mungu anamkumbuka. Akawaambia wenyeji wake akinywa chai, "Mnaona? Nuru inarudi." Damari akasema, "Ndiyo, baba," akainuka kwa kushika ukuta.

Hakutambua kwamba nuru haikuwa ya jua. Nje ukungu ulikuwa ule ule. Kilichopungua ni kuni.

Siku jua lilipotoka, dirisha lote lilikuwa wazi. Betri ikanywa ikashiba. Mntambo akawashika mikono wote, akawaombea baraka ndefu, akapanda bajaji akaenda. Nyuma yake, chini ya upenu, palibaki magome na buibui.

Kule mkutanoni alisimama mbele ya watu wengi. Akaeleza habari za msitu, za pwani, za mlima. Alijua kusema, hilo tusimnyime. Mwishoni akainua mikono yake miwili na kusema, "Nimetoka Tanga mpaka hapa, na hakuna hata jani moja lililoungua kwa ajili yangu." Watu wakasimama. Akina mama wakapiga vigelegele, wakamvisha kitenge, wakampa mche wa mti auoteshe popote apendapo. Akafikiri mara moja: nitampelekea Shemndolwa. Ataupanda mbele ya nyumba yake, awe na kumbukumbu yangu. Na hakika katika fikra ile alikuwa na upendo. Watu wa namna yake hawakosi upendo.

Mkutano ulichukua siku zake, na siku zote hizo mvua ilinyesha. Lilipotokea jua dogo akaanza kurudi. Ukungu ukamkuta tena njiani, na betri ilikuwa inakata roho alipoiona nyumba ya Shemndolwa asubuhi yake. Akaona kitu ambacho hakukielewa. Nyumba ilikuwa wazi. Palipokuwa na mlango palitundikwa mkeka, na upepo ulikuwa unaupiga ukutani. Benchi lile la nje halikuwapo. Banda la kuku halikuwapo. Kuku walikuwa wamejikunyata chini ya mgomba. Ngazi ya darini, kinu, fremu ya dirisha la chumba alicholala, vyote havikuwapo. Yadi ilikuwa imefagiliwa safi, kama pamepita mwizi mwenye adabu.

Ndani mtoto alilia. Kilikuwa kilio kikavu, kinakatika katikati, kisha kikohozi, kisha kilio tena.

Mntambo akasimama na mche wake mkononi. Mkeka ukasogezwa, Shemndolwa akatoka. Alikuwa amekonda. Alipomwona ni nani, uso wake ukaanguka, na Mntambo akajua ule ni uso wa mtu aliyeona haya. Mwenyeji ndiye aliyeona haya. Akajipangusa viganja kwenye suruali, akainamisha kichwa mbele ya mgeni wake.

"Karibu, baba," akasema. "Ila utusamehe sana. Leo hatuna maji ya moto."

Neno hilo tu. Hakumwambia kwamba Damari alijifungua mvua ilipokuwa imeshika, wakati hakuna kuni kavu kijiji kizima na hakuna aliyekuwa na za kukopesha. Hakumwambia kwamba walianza na benchi, wakaenda kwenye banda, wakaenda kwenye kinu, na kwamba mlango waliutoa mwisho, na baada ya kuuchoma baridi iliingia pale ulipokuwa, ikamkuta mtoto kifuani. Hakulaumu hata kidogo. Laiti angelaumu. Lawama mtu anaweza kuijibu.

Mntambo akageuka akautazama upenu. Aliliona dirisha alilolala nyuma yake, likiwa tundu sasa, na ndipo akaelewa ile nuru. Ikampanda mwilini kama homa. Kisha, kama vile mlango mmoja ukivunjwa wa pili hufuata, ukamrudia puani ule moshi wa asali kule msituni, na akajua kwamba gogo kavu lililopasuliwa nyuma ya nyumba ya mfuga nyuki lilikuwa mzinga. Akaziona fimbo za Bi Mwantumu, zilizochongwa ncha. Nani anayechonga ncha za kuni? Akaona safari yake nzima ikifuka moshi nyuma yake, jiko kwa jiko, na yeye ndiye aliyekuwa mbele akiziba pua.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Akauweka mche chini, akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya Shemndolwa, "Zahanati iko wapi?"

"Bondeni," Shemndolwa akajibu. "Bodaboda hawapandi, njia inateleza sana. Mama yake anasema ukungu ukiinuka tutambeba kwa miguu."

Mntambo akaiangalia bajaji yake. Betri haikuwa na kitu. Akaangalia juu, juu hakukuwa na jua wala dalili ya jua. Akashika usukani, akaisukuma mwenyewe kwenye tope, akamkataza Shemndolwa asimsaidie, mpaka penye mashine ya Mbilu. Mbilu alimtazama mara moja tu usoni, akachukua waya, akaunganisha, akavuta kamba ya injini. Ikakohoa, ikawaka. Moshi mweusi ukatoka kwenye bomba na kumpiga Mntambo kifuani na usoni, ukaipiga bajaji ubavuni, penye maandishi ya kijani. Kulikuwa na nafasi ya kusogea upande wenye hewa. Hakusogea.

Betri ilijaa kabla ya adhuhuri. Asubuhi moja tu, kama alivyoambiwa.

Akawashusha Damari na mama yake na mtoto bondeni, polepole, kwa kona zote zile, amewafunika kwa kile kitenge alichovishwa mkutanoni. Kila mtoto alipokohoa, Mntambo alisimamisha bajaji kumtazama. Mtoto alipona, wala msishangilie upesi, maana kupona kwa mtoto hakukurudisha mlango, na muda wote walipokuwa zahanati Damari alimwita "baba" na kumshukuru kwa lifti. Kila shukrani ilimchoma. Aliomba moyoni mtu mmoja tu amtukane, lakini alikuwa amefikia kwa watu wasiotukana wageni.

Ninyi mliokaa hapa mbele yangu na viganja vyenu vyeupe, visivyo na masizi: ni nani anayewapulizia moto?